Nitie rangi gani kwenye epoksi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni ya watu wanaomimina epoksi (resini ya majimaji inayoganda ikichanganywa na hadena, yaani kigandishi chake) kwa sanaa na biashara ndogo: hereni, vishikio vya funguo, saa za ukutani, trei, picha za bahari, meza za mbao. Mengi yana chanzo kimoja. Mtu anachagua rangi kwa kuangalia ilivyopendeza kwenye kichupa, wakati cha kujiuliza ni hiki: mwanga ukifika kwenye kazi yangu, nataka upite, uzuiwe, au urudi uking'aa? Na kazi yenyewe itakaa wapi, kivulini au juani?

Ndiyo kwanza naanza, na pesa ni ya kuungaunga. Ninunue rangi gani?

Nunua nne: peisti nyeupe, peisti nyeusi, bluu ya majimaji inayopitisha mwanga, na unga wa maika wa dhahabu. Basi. Ile seti ya vichupa 24 au 36 vya maika inayovutia macho mtandaoni iache kwanza. Bei yake ni nafuu kweli, lakini rangi zote zile zina tabia moja: zinang'aa, zinatuama, na hakuna hata moja inayofunika sawasawa wala kupitisha mwanga safi. Ukizitegemea hizo tu, kila unachotengeneza kitafanana na mwenzake, hata kama kimoja ni chekundu na kingine kijani.

Hizo nne zinafika mbali kuliko unavyodhani. Bluu peke yake inakupa kina cha maji. Tone moja la nyeupe linaigeuza kuwa bluu ya mchana inayofunika. Nyeusi ya kwenye ncha ya kijiti tu inaipeleka usiku. Ukipata hela tena, ongeza nyekundu na njano, zote za kupitisha mwanga, na hapo utaweza kuchanganya karibu kila rangi anayoitaka mteja.

Peisti, maika, wino wa alkoholi: si zote ni rangi tu?

Hapana, zinatofautiana sana. Rangi ya kuyeyuka, kama wino wa alkoholi, inaingia kwenye epoksi kama sukari kwenye chai: huoni chembe, na mwanga unapita. Rangi ya chembe haiyeyuki. Ni vumbi laini mno linaloelea ndani ya epoksi, na ndilo linalozuia mwanga. Peisti ni chembe hizo hizo, ila zimekwisha kusagwa na kulowekwa kiwandani kwenye kimiminika kinachopatana na epoksi, ndiyo maana haikuachii madonge.

Maika ni kitu kingine. Ni vibamba vyembamba vya madini vilivyopakwa titani dayoksaidi au oksaidi ya chuma. Nyingi kati ya hizo hazina rangi ya kawaida kabisa; rangi unayoiona inatokana na unene wa lile koti. Likiwa jembamba vinang'aa kifedha, likinenepa kidogo inakuja dhahabu, halafu nyekundu, bluu, na mwisho kijani. Ndiyo maana maika ya aina hiyo ukiitandaza juu ya nyeusi inawaka, lakini juu ya nyeupe inakuwa kama haipo. Ukinunua unga unaoonekana mweupe huku lebo inasema bluu, usimgombeze muuzaji kabla hujaujaribu juu ya kitu cheusi.

Kwa jumla, za kuyeyuka zinapendeza kwa uangavu lakini nyingi haziliwezi jua. Za chembe zinavumilia, ila ni nzito.

Maika yangu inatuama chini na juu panabaki kama maji. Niongeze unga?

Usiongeze. Utaongeza mashapo tu.

Tatizo ni uzito. Mililita moja ya epoksi ina gramu 1.1 hivi, ilhali maika iliyopakwa ni karibu gramu 3 kwa ujazo huo huo, na titani dayoksaidi ya kwenye nyeupe inapita gramu 4. Epoksi ikiwa bado nyepesi, vibamba vinashuka bila kipingamizi. Kinachovizuia ni unene wa epoksi yenyewe, kwa hiyo dawa ni kusubiri.

Changanya vizuri kisha usimimine. Kila baada ya muda inua kijiti uangalie uzi unaotiririka. Mwanzoni unakatika mara moja na kuwa matone, na matone yanapotea papo hapo. Baadaye uzi unarefuka, unachelewa kukatika, na pale unapoangukia unaacha alama inayokaa kidogo juu kabla ya kumezwa. Hapo mimina. Ukisubiri mpaka alama haimezwi tena, umechelewa: mapovu hayatatoka na kona za kalibu hazitajaa.

Tahadhari moja kubwa. Epoksi inapoganda inatoa joto, na ikirundikana kwenye kikombe kirefu joto halina pa kutokea, linazidi kuharakisha kuganda. Kwa hiyo unaposubiri, iweke kwenye chombo kipana, tena kiasi kidogo. Kikombe kikianza kuwa cha moto mkononi, usingoje uzi wowote. Mimina haraka, au kitoe nje kabla hakijaanza kufuka moshi.

Epoksi ya meza, ile ya kumiminwa kina kirefu, inachukua saa nyingi kuwa nzito, na huwezi kukaa na ndoo ukiisubiri. Mafundi wanaipitishia kijiti taratibu ndani ya kalibu kila inapozidi kukaza. Kazi hiyo inalipa mara mbili, kwa sababu vibamba vya maika hulala kufuata mkondo wa kijiti na ndivyo ile mistari kama ya moshi inavyozaliwa. Mkondo wa mwisho kabla ya kuganda ndio unaobaki milele, basi upitishe ukijua unachora nini.

Na usisahau kwamba kwenye kalibu ya silikoni, upande wa chini ndio uso wa kazi yako. Kwa hereni na vishikio vya funguo, kutuama kidogo kunakufanyia kazi bure.

Niweke rangi kiasi gani?

Pima kwa mizani ya jikoni, si kwa jicho. Kwa gramu 100 za epoksi iliyokwisha changanywa na hadena:

Peisti: gramu 1 hadi 3 zinafunika karibu rangi zote. Nyeusi inatosha hata chini ya gramu 1. Ukomo ambao watengenezaji wengi wanautaja ni asilimia 5 au 6. Kupita hapo unaanza kuharibu ugandaji.

Maika: gramu 1 kwa mng'ao mwepesi, 2 hadi 4 kwa rangi iliyokolea.

Wino wa alkoholi: matone. Anza na mawili, ukoroge, uangalie.

Rangi haihesabiwi kwenye uwiano wa epoksi na hadena. Kama chupa inasema 1:1 au 2:1, timiza uwiano huo kwanza kama vile rangi haipo. Na uangalie kama uwiano ulioandikwa ni wa ujazo au wa uzito, maana haufanani. Kuna epoksi za 2:1 kwa ujazo ambazo kwa mizani uwiano wake ni mwingine. Hapa ndipo kazi nyingi za kunata zinapoanzia, halafu lawama zinaangukia rangi.

Rangi nitie kabla ya hadena au baada?

Ukitia kwenye epoksi kabla ya hadena unapata muda wote unaoutaka wa kuvunja madonge, jambo zuri kwa rangi za unga. Lakini itabidi utengeneze kiasi kamili cha kila rangi tangu mwanzo. Ukitia baada, unachanganya epoksi na hadena kwenye chombo kimoja, unagawa kwenye vikombe, na kila kikombe kinapata rangi yake. Kwa kazi yenye rangi tatu au nne mimi napendelea njia ya pili, kwa sababu uwiano unapimwa mara moja tu na vikombe vyote vinaganda pamoja.

Unga usiumwage wote kwa mpigo. Weka kwenye kikombe kidogo, dondoshea epoksi kidogo, sugua kwa mgongo wa kijiti mpaka iwe laini bila chembe, ndipo uongeze iliyobaki. Koroga polepole ukipangusa kuta na kitako cha kikombe. Anayekoroga kwa kasi anajaza mapovu ambayo baadaye atayakimbiza na tochi ya gesi.

Kwenye kijiti rangi ni nzuri, kwenye kazi imekuwa nyeusi. Kwa nini?

Kina. Rangi inayopitisha mwanga inakolea kadiri mwanga unavyosafiri ndani yake. Bluu inayoonekana ya kupendeza kwenye utando wa milimita moja inaweza kuwa kiza kwenye sentimita tatu. Jaribio la maana ni la kina kile kile utakachomimina. Chukua kifuniko au kikombe kidogo, mimina kina cha kazi yako, kiweke juu ya karatasi nyeupe, kisha juu ya kipande cha mbao unayotumia. Ikiwa imekolea mno, punguza rangi kwa kuongeza epoksi tupu. Usitie nyeupe: itaua uangavu wote.

Naweza kutumia rangi za akriliki, rangi ya ukuta, au rangi ya mafuta?

Akriliki inakubalika kwa shida. Ina maji, na maji na epoksi hazipatani: ukizidisha unapata ukungu, vipovu vidogo visivyotoka, na kazi inayobonyea kwa kucha. Ibaki chini ya asilimia 5, na utumie ile nzito ya kwenye tyubu, si ile nyepesi ya chupa.

Rangi ya ukuta, hapana. Rangi ya mafuta ya kupakia milango na madirisha, hapana pia. Spiriti yake inanaswa ndani na kazi inabaki laini. Zile staina ambazo maduka ya rangi yanatumia kukolezea rangi za ukuta zinaonekana kama peisti, lakini nyingi zina maji na glaikoli. Tone moja halitaua kazi. Kijiko kitaua.

Na ile redoksaidi ya kusakafia nyumba?

Hii inafaa, na watu wanaipita dukani bila kuigeukia. Unga mwekundu wa sakafu ni oksaidi ya chuma, rangi ile ile inayouzwa kwa bei ya juu kwenye vikopo vidogo vya wasanii. Jua haliisumbui. Inafunika vizuri na inatoa wekundu wa udongo ambao maika haiwezi kuutoa. Kuna nyeusi na njano zake pia.

Mapungufu mawili. Unga wa ujenzi si laini kama wa sanaa, kwa hiyo upitishe kwenye kitambaa cha nailoni kisha uusugue kwa epoksi kidogo kama nilivyoeleza. Pia baadhi huongezewa chokaa au vijazo vingine ili kopo lijae, na hapo rangi inapwaya. Lazima uwe mkavu kabisa. Ikiwa umekaa stoo ya saruji wakati wa mvua, utandaze juani kwanza.

Manjano, hina, kahawa, mkaa, bluu ya kufulia?

Mkaa uliosagwa laini ni mweusi wa kudumu, hauna ubaya wowote. Kahawa iliyosagwa ikikauka vizuri inapendeza kama punje ndani ya epoksi angavu, lakini usitegemee itie rangi.

Manjano ya jikoni yatakudanganya. Siku ya kwanza yanawaka, lakini rangi yake ni miongoni mwa zinazopauka haraka sana kwenye mwanga. Hereni za manjano zitageuka kuwa rangi ya majani makavu mteja akiwa bado anakumbuka bei aliyolipa. Hina nayo si ya kuaminiwa. Bluu ya kufulia ya chupa ni ya maji, iache. Ya unga mara nyingi imechanganywa na vitu vingine.

Rangi ya chakula? Ya maji haichanganyiki, inakaa vitone vitone. Ya unga inabaki chembe, kisha inapauka.

Poda za vipodozi zilizoisha muda wake?

Zile za unga mkavu wa kung'aa mara nyingi ni maika hiyo hiyo. Zilizoshindiliwa kwenye kisahani zina mafuta ndani yake, zitumie kwa uchache sana. Kwa hereni za majaribio hakuna neno.

Wino wa alkoholi unafanyaje yale maua yanayoshuka ndani?

Unamimina epoksi angavu kwenye kalibu, unadondosha wino wa rangi juu yake, halafu juu ya kila tone unadondosha wino mweupe. Nyeupe ina titani dayoksaidi, nzito. Inazama, na ikizama inaisukuma rangi chini mbele yake, na nyuma inaacha nyuzi kama mizizi. Ukigeuza kazi, unaona mashina yaliyoganda njiani.

Siri yote iko kwenye unene wa epoksi wakati wa kudondosha. Ikiwa nyepesi mno, kila kitu kinafika chini na kutandaa kama doa. Ikiwa nzito mno, wino unabaki juu ukielea. Katikati ya hapo ndipo mashina yanapokatiza. Ukiona tone la kwanza limeenda moja kwa moja mpaka chini, acha, ngoja kidogo, ujaribu tena pembeni.

Na tafadhali: wino huu ni alkoholi, unashika moto. Usipitishe tochi ya gesi juu yake. Toa mapovu kwanza, ndipo udondoshe wino.

Povu la mawimbi kwenye picha za bahari linapotea. Nyeupe gani inafaa?

Peisti nyeupe nzito ya titani dayoksaidi, kwenye lebo inaandikwa PW6. Maika nyeupe haitoi povu, inatoa mng'ao wa lulu tu. Iweke nyeupe kwa mstari mwembamba, tandaza epoksi angavu mbele na nyuma yake, kisha isukume kwa mashine ya kupuliza hewa moto, kwa pembe ya chini, mara moja au mbili. Hewa inatandaza nyeupe kuwa utando, utando unapasuka matundu, na hapo unapata ile nyavu ya povu ufukweni.

Wanaoharibu ni wanaoendelea kupuliza. Kila mpulizo unazidi kuilainisha epoksi, matundu yanaungana, nyeupe inazama. Ukipata nyavu unayoipenda, zima mashine uondoke mezani. Kama una draya ya saluni tu, itafanya kazi lakini ina upepo mwingi na joto kidogo, hivyo mawimbi yatakuwa mapana.

Nina mbao ya mninga. Meza ya mto (mbao zenye mkondo wa epoksi katikati) iwe rangi gani?

Ladha ni yako, ila mninga una uhai wake wa kahawia na dhahabu. Bluu yenye maika nyingi inashindana nao. Nyeusi inayofunika, kahawia ya kupitisha mwanga kama ya chupa ya dawa, au kijani kilichokoza sana vinaiacha mbao iseme. Kwa mbao zenye weupe kama mwembe, bluu na kijani cha bahari zinakaa vizuri.

La kiufundi: rangi za kuyeyuka zinapenya kwenye vinyweleo vya mbao na kuichafua ukingoni, na msasa hauwezi kuitoa. Paka kwanza epoksi isiyo na rangi kwenye kingo zote, iache ishike, ndipo umimine ya rangi. Utando huo unazuia pia hewa ya kwenye mbao kutoka ikiwa mapovu. Na meza ya nje yenye mto mweusi ifikirie mara mbili. Epoksi nyingi za sanaa zinaanza kulainika kwenye nyuzi joto 50 hadi 60 za Selsiasi, na kitu cheusi juani kinafika huko bila shida.

Nitajuaje kama rangi itapauka?

Tafuta msimbo wa pigimenti (rangi ya chembe) kwenye lebo. PW6 ni nyeupe ya titani, PBk7 nyeusi ya kaboni, PB15 bluu ya thalo, PG7 kijani cha thalo, PR101 na PY42 oksaidi za chuma nyekundu na njano, PV19 na PR122 za waridi na zambarau. Zote hizi zinavumilia mwanga. Alama ya uvumilivu ikitolewa kwa kipimo cha sufi ya bluu, kinachoanzia 1 hadi 8, chukua 7 au 8 kwa kazi za kukaa. Chupa isiyo na msimbo wala alama yoyote ichukulie kuwa ni ya vitu vya ndani.

Za rangi kali za kuwaka mchana, zile za koti la usalama barabarani, zinapauka upesi zaidi ya zote. Ukikutana na PY34 ni kromati ya madini ya risasi, ambayo ni sumu: irudishe dukani, hasa kama utapiga msasa.

Nyeupe yangu imegeuka krimu. Rangi mbaya?

Karibu kila mara ni epoksi yenyewe imegeuka njano kwa mionzi ya jua. Nyeupe inaonyesha mapema, bluu inaelekea kijani, lakini nyeusi, kahawia na dhahabu zinaficha. Epoksi yenye kinga ya mionzi inachelewesha tu, haizuii. Kazi nyeupe ya kuning'inizwa kwenye varanda inayopigwa na jua la saa nane, mwambie mteja ukweli kabla hajalipa.

Rangi zinazobadilika kwa joto zinafaa?

Kwa Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar, karibu hapana. Nyingi zinazouzwa zimewekwa zibadilike kwenye nyuzi 31. Januari chumba chako kimefika hapo kabla ya saa sita mchana, kwa hiyo kazi itakaa imebadilika siku nzima na mteja hataona mchezo wowote. Arusha au Nairobi ni habari nyingine.

Na zinazong'aa gizani?

Tafuta unga wa strontiamu aluminati. Kijani na bluu-kijani ndizo zinazowaka muda mrefu; zambarau na nyekundu zinazima mapema. Usiuchanganye na peisti inayofunika, kwani utakuwa umeuzimia taa zake. Weka ukiwa peke yake kwenye epoksi angavu na nyuma yake pawe peupe. Ni mzito, unatuama kama maika, kwa hiyo kanuni ya uzi wa kijiti ni ile ile.

Natumia resini ya taa, ya kama kucha za jeli. Mbona ndani haigandi?

Taa zake ni za mionzi ya nanomita 365 hadi 405, na rangi yako imeizuia isifike ndani. Nyeupe na nyeusi ndizo mbaya zaidi. Mimina tabaka la milimita moja, ligandishe kwa taa, ongeza lingine, kisha geuza umulike na nyuma. Au tumia rangi za kupitisha mwanga, na nyeusi uipake mwishoni kwa nyuma.

Fundi wa faiba kaniuzia peisti yake. Itaingia kwenye epoksi?

Mafundi wa faiba wengi wanatumia poliesta, resini ya aina nyingine, si epoksi, na peisti zao zinalowekwa kwenye poliesta. Kwa kiasi kidogo sana inaweza kuganda, lakini usiibebeshe kazi ya mteja bila jaribio. Muulize peisti ni ya resini gani. Akijibu "zote," jaribu kwenye kifuniko kwanza.

Kazi inanata. Rangi ndiyo chanzo?

Kwanza shuku uwiano, pili kukoroga kusikotosha, tatu ndipo rangi iliyozidi au yenye maji. Kama inanata sehemu moja tu, ulikwangua kitako cha kikombe na kumimina mabaki yasiyochanganyika. Kama uso una utelezi wa mafuta lakini chini ni pagumu, hiyo ni hadena iliyokutana na unyevu hewani, jambo la kawaida pwani wakati wa masika. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kausha, piga msasa, ndipo uongeze tabaka jingine.

Kwenye kopo wameandika dakika 40, mimi napata 20. Nimeuziwa feki?

Si lazima. Muda huo umepimwa kwenye nyuzi 23 au 25 hivi. Kila nyuzi 10 zinazoongezeka, ugandaji unakaribia kwenda mara mbili ya kasi. Fanya kazi alfajiri au usiku, na uwe umeshapima na kulainisha rangi zote kabla ya kugusa hadena.

Mteja anataka sahani na vikombe vya epoksi ya rangi.

Sahani ya pambo, sawa. Ya kulia chakula, mimi nakataa. Hata pale epoksi yenyewe ina cheti cha kugusa chakula, cheti hicho hakikuhesabu unga ulioutia wewe. Vibao vya kuwekea vikombe ni sawa, ila umwambie kwamba kikombe cha chai kinachotokota kinaweza kuacha duara.

Unga wa maika una madhara?

Kuuvuta kwa pumzi si kuzuri. Vaa barakoa ya N95 au FFP2 unapofungua vichupa na unapopiga msasa, na zima feni kwa dakika hizo. Kwa mvuke wa epoksi barakoa hiyo haisaidii. Unahitaji hewa inayopita au barakoa yenye vichujio vya mvuke. Glavu ziwe za nitrili. Hadena ikigusa ngozi, osha kwa maji na sabuni, si kwa spiriti. Mzio wa hadena ukishakushika hauondoki, na kuna mafundi walioacha kazi hii kwa sababu hiyo.

Rangi zilizobaki nizitunzeje?

Unga ukae pakavu, na kipakiti cha kunyonya unyevu ndani ya kopo. Wino ukae wima, kifuniko kikazwe, mbali na jiko. Peisti iliyokaa inatengana, mafuta juu na rangi chini. Ikoroge mpaka kitako kabla ya kuitumia, la sivyo utapima gramu mbili za mafuta matupu. Epoksi iliyokwisha tiwa rangi lakini bado haina hadena inakaa wiki kadhaa kwenye chupa iliyofungwa. Andika juu yake uzito wa rangi uliotia, maana mteja atakayerudi atataka bluu ile ile.